Kamati ilijadili siku mbili kama marehemu aliokoka, ya tatu maji yakaisha

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya ninayoandika nimeyaona kwa macho yangu, na mengine niliyaandika palepale kwenye daftari, maana kazi yangu hapa Dodoma ni kuandika mihtasari ya vikao na mkono umeshazoea. Atakayesema ni chai, namkaribisha Kongwa aje aionje mwenyewe. Majina nimebadilisha, kanisa silitaji.

Nimesukumwa kuandika na ule uzi wa wiki iliyopita, ambapo watu walibishana kurasa na kurasa kama mtu akiokoka anaweza kuupoteza wokovu au la. Niliusoma wote. Nilicheka, halafu nikakumbuka msiba wa baba yangu mdogo, kicheko kikaisha.

Nianze mwanzo.

Baba mdogo Mathayo alikuwa mwendesha pampu ya maji kwenye kijiji kimoja upande wa Kongwa. Wenyeji wa huko mnajua: mvua zikishaondoka, zimeondoka. Mto ni mchanga mtupu. Kijiji kizima kinategemea kisima kirefu kimoja, injini moja ya dizeli iliyochoka, tanki moja na birika refu la saruji la kunyweshea ng'ombe.

Injini ile haina swichi. Inawashwa kwa hendeli, na ina kikono kidogo juu ambacho lazima ukiangushe kwa wakati wake. Ukiwahi, hendeli inarudi na kukuvunja mkono. Ukichelewa, haishiki. Ikishawaka huwezi kuiacha, kwa sababu rejeta inavuja na kila baada ya muda lazima uiongeze maji kwa kopo.

Siku za kuwasha zilikuwa mbili. Jumatano kwa ajili ya tanki, Jumapili kwa ajili ya ng'ombe na kuongeza tanki. Jumapili alikuwa anaanza alfajiri anamaliza saa nane mchana.

Mshaona tatizo linapotokea.

Mtu huyu aliokoka akiwa kijana, kwenye mkutano wa injili, akabatizwa, akafunga ndoa kanisani. Tangu apewe pampu, miaka kumi na moja, hakuonekana ibadani Jumapili. Akaitwa na wazee wa kanisa mara mbili, akaeleza kuhusu ng'ombe. Mara ya tatu hakwenda, kwa sababu kikao kilipangwa Jumatano. Jina lake likaandikwa kwenye orodha ya waliopoa.

Alhamisi moja ya kiangazi mwaka juzi alianguka nyuma ya nyumba akiwa anakata kuni. Presha. Alifia njiani kwenda hospitali.

Ijumaa mchana nilifika msibani na shemeji yangu Gilbert, mume wa dada yangu. Tunakaa jirani, Miyuji. Huyu bwana anaongoza kipindi cha kujifunza Neno kwenye mtaa wetu na anajulikana kwa fundisho moja: aliyeokolewa ameokolewa, hakuna wa kumtoa. Ana begi la vitabu ambalo alilibeba mpaka msibani. Nilidhani ni nguo.

Tukaingia ndani kumpa pole mama mdogo Foibe. Alikuwa ameketi kwenye mkeka na akina mama, kitambaa kimefungwa kichwani. Kwa desturi ya pale mjane hatoki mkekani mpaka mwili utoke nyumbani kwenda kaburini. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mkono.

"Mwanangu, mimi sina mengi," akaniambia. "Nataka apite kanisani. Apigiwe kengele kama watu wengine. Basi."

Nikamuuliza kwa nini anasema kama vile kuna anayekataa.

"Nenda nje, utawasikia."

Nje, chini ya turubai, kamati ilikuwa imeshakaa.

Kwa wasiojua: kanisa lile, mtu akifa akiwa kwenye orodha ya waliopoa, kanisa halimziki. Jeneza haliingii ndani, kengele haipigwi, kwaya haiimbi. Ndugu wanafukia wenyewe kama wanavyojua. Mchungaji alikuwa safarini. Alipopigiwa simu alisema wazee waamue kwa hekima. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia, kwa sababu hekima ndiyo bidhaa pekee ambayo haikuwepo pale.

Mwenyekiti alikuwa Mzee Lameck, mzee wa kanisa, mtu wa ng'ombe wengi na sauti kubwa. Pembeni yake mwinjilisti wa kijiji, mtu mzima mwenye mke na watoto wawili, ila mbele ya Mzee Lameck anakuwa kama anasubiri matokeo ya mtihani. Wengine walikuwa wa kuitikia.

Hoja ya Mzee Lameck ilikuwa fupi. Wokovu ni safari. Mathayo alianza, akaishia njiani. Alikuwa na imani, matendo yakakatika, na mahudhurio ni tendo la kwanza. Kwa hiyo aliokoka, kisha akaupoteza. Hazikwi na kanisa.

Nikamtazama shemeji Gilbert kwa matumaini. Wakuu, nilijua tumepata wakili. Kama wokovu haupotei, na huyu mtu alikiri na akabatizwa mbele ya mashahidi, kesi imekwisha. Jeneza linaingia.

Shemeji akasimama, akarekebisha miwani.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba nitofautiane na wewe kabisa. Wokovu haupotei."

Nikashusha pumzi.

"Kwa hiyo," akaendelea, "kama marehemu kweli aliacha kusali miaka kumi na moja, hiyo inathibitisha kwamba hakuwahi kuokoka tangu mwanzo."

Niliandika sentensi hiyo kama ilivyo. Chini yake nikapiga mstari.

Mzee Lameck akakasirika. Si kwa sababu marehemu ametukanwa. Alikasirika kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa shahidi wa ubatizo ule, na sasa anaambiwa alishuhudia hewa.

"Wewe mwalimu wa mjini, unataka kuniambia nilishuhudia mtu akitumbukizwa majini akatoka vilevile?"

"Sikusemi wewe, mzee wangu. Nasema maji hayaokoi."

"Aliokoka. Nilimwona analia."

"Kulia si kuokoka."

"Aliokoka, akapoteza."

"Hakuwa nacho cha kupoteza."

Hivyo ndivyo ilivyokwenda, kuanzia saa nane mpaka jua linazama. Vitabu vikatoka kwenye begi. Mmoja akikimbilia Yakobo, mwingine anakimbilia Waefeso, wanakutana katikati wakiwa wamechoka, wanaletewa chai, wanaanza upya. Watu wazima wawili wanagombana kuhusu njia ya kufika mahali ambapo wote wameshafika. Mmoja anasema marehemu alitolewa nje, mwingine anasema hakuwahi kuingia, na hitimisho ni lilelile: jeneza lisipite mlangoni.

Nani alikuwa anauliza mjane anasemaje? Hakuna. Ukuta wa nyumba ile ni wa udongo na dirisha halina kioo. Alisikia kila neno.

Jumamosi asubuhi niliamua kufanya ninachokijua. Nikaenda ofisi ya kijiji. Mtendaji ni mtu mwema, alikuwa amefungua ili watu waandikishe kifo. Nikamwomba kitabu cha kumbukumbu za kamati ya maji. Nilitaka kujua jambo dogo tu: nani aliamua ng'ombe wanywe Jumapili?

Tulitafuta kama nusu saa. Ukurasa ukapatikana. Kulikuwa na mapendekezo mawili, Jumamosi na Jumapili. Pendekezo la Jumapili lilipita, kwa maelezo kwamba Jumamosi wenye mifugo wengi wanakuwa mashambani. Aliyelileta pendekezo hilo alikuwa mjumbe mmoja, sahihi yake ipo, herufi kubwa zimelala upande.

Lameck.

Nikarudi msibani nikiwa na furaha ambayo haifai mtu kuwa nayo msibani. Kikao kilikuwa kimeshaanza kipindi cha pili. Nikaomba nafasi.

"Mzee, samahani. Ng'ombe wako hunywa siku gani?"

"Jumapili. Kwani hujui?"

"Nani alikuwa anawanywesha?"

Nikamweleza nilichokisoma kitabuni. Wale wa kuitikia wakaacha kuitikia. Mwinjilisti akainama, akawa anachora chini kwa kijiti.

Mzee Lameck hakuyumba.

"Hayo ni mambo ya serikali ya kijiji. Hapa tunajadili ya rohoni."

Nikamgeukia shemeji. Nikamwambia, umesikia mwenyewe, huyu mtu alizuiwa na pampu, si na shetani.

Shemeji akafikiri. Nampa haki yake, alifikiri.

"Kama angekuwa mteule," akasema, "Mungu angemtafutia mtu wa kumpokea zamu."

Wakuu, huyu alikuwa Mungu amtafutie. Kanisa lililojaa wanaume wenye mikono miwili miwili halikutakiwa kumtafutia.

Mchana ule mwili ukaletwa kutoka hospitali. Jeneza likawekwa sebuleni. Kikao kikaendelea umbali wa hatua kumi kutoka kwenye jeneza, wakipunguza sauti kwa heshima, halafu wakisahau kuipunguza. Ilipofika jioni waliafikiana jambo moja tu: maziko Jumapili saa nane, baada ya ibada, na uamuzi wa kengele utatolewa asubuhi. Yaani waende wakasali kwanza, ndipo waje kumaliza kumhukumu.

Sasa njooni Jumapili.

Asubuhi akina mama wa jikoni walifungua bomba, likakohoa, likatoa matone ya kutu, likanyamaza. Tanki lilijazwa mara ya mwisho Jumatano, na aliyelijaza alikuwa sebuleni ndani ya sanduku. Msiba una watu zaidi ya mia, sufuria za ugali ziko chini, madumu yamepangwa foleni, hakuna hata maji ya kunawa.

Hapo ndipo kila mtu alipokumbuka ni Jumapili.

Na ng'ombe nao hawajui msiba. Saa tatu kasoro makundi yakaanza kushuka, vumbi limesimama, wanakwenda moja kwa moja kwenye birika kama walivyozoea miaka yote. Birika kavu. Mnaofuga mnaijua ile sauti ng'ombe anayotoa akikuta birika kavu. Kundi la mbele kabisa lilikuwa la Mzee Lameck.

Ibada ikavunjika katikati. Watu wakatoka kanisani na nguo zao za Jumapili wakaenda kwenye pampu.

Wakajaribu. Vijana wawili wenye nguvu walishika hendeli, ikarudi, mmoja akakaa chini ameshika kifundo cha mkono. Mzee Lameck akatoa maelekezo mengi, na yeye mwenyewe hajawahi kugusa injini. Shemeji Gilbert akavua koti, akaizungusha mara tatu, akapata doa la oili kwenye shati jeupe na hakuna kingine. Fundi yuko mjini Kongwa na simu yake haipatikani.

Wokovu haupotei. Wokovu unapotea. Injini haiwaki.

Nikarudi nyumbani kumweleza mama mdogo. Sikuwa na ninachomwomba, nilimweleza kama habari tu.

Akaniuliza, "Wamejaribu mara ngapi?"

"Nyingi."

"Watakuwa wameijaza dizeli ikazidi."

Akaanza kusimama. Akina mama wakamshika.

"Foibe, mjane hatoki mkekani. Mwili haujatoka."

"Ng'ombe hawajafiwa," akasema.

Akafungua fundo la kanga yake. Ufunguo wa chumba cha pampu ulikuwa humo, alikuwa nao kiunoni siku zote tatu. Wale mabingwa walikuwa wamevunja kufuli kwa jiwe bila kuuliza.

Nikamfuata. Watu wakapisha. Alikwenda pekupeku, kitambaa cha msiba kichwani, akainama kwenye injini, akafungua mahali akamwaga dizeli iliyozidi, akapangusa kwa kipande cha kanga. Akashika hendeli kwa mkono mmoja, kikono kwa mwingine. Akazungusha polepole, kisha haraka, akakiangusha.

Ikashika mara ya kwanza.

Akachukua kopo, akaijaza rejeta, akakaa kwenye gogo ambalo wote tulijua ni la nani.

Nikamuuliza amejifunza lini. Akajibu akitazama maji yakitoka kwenye birika.

"Nilikuwa natoka ibadani nakuja hapa. Alikuwa anasema, nenda wewe, uje uniambie walichosema. Namsimulia mahubiri yote mwanzo mwisho, yeye anaongeza maji. Nikichoka ananipa hendeli, yeye anarudia mstari." Akaikagua rejeta. "Hata yale mahubiri ya waliopoa nilimsimulia. Akauliza, wametaja jina? Nikamwambia hawakutaja. Akasema basi wanajitahidi."

Mzee Lameck alikuwa amesimama umbali wa mita mbili. Ng'ombe wake walikuwa wanakunywa. Shemeji naye alikuwa ameinama kwenye bomba anafua doa la oili kwa maji hayohayo.

Mama mdogo hakuwatazama hao. Akamwita mwinjilisti.

"Baba, Jumapili ijayo mna ubatizo?"

"Ndiyo, mama."

"Kile kisima cha nyuma ya kanisa nani anakijaza?"

Kila mtu alijua. Kisima kile cha saruji, cha kubatizia, hujazwa kwa bomba linalotoka kwenye tanki, na kila aliyebatizwa pale kwa miaka kumi na moja alizama kwenye maji ya Mathayo.

"Nauliza tu," akasema mama mdogo, sauti ya kawaida kabisa, "nifungulie bomba la kanisa leo au nisifungulie? Sitaki watu waje kuambiwa maji yao yalivutwa na familia ambayo haijaokoka."

Mzee Lameck akasafisha koo. "Mwinjilisti, hilo tutalijadili kwenye kamati."

Yule mwinjilisti, ambaye kwa siku mbili sikuwa nimeandika hata neno lake moja kwenye daftari, alimwangalia Mzee Lameck, akaangalia kijiti alichokuwa ameokota tena, akakitupa. Akaondoka. Hakukimbia. Alipanda kilima kidogo cha kanisa.

Tukasikia kengele.

Alipiga muda mrefu, nadhani mpaka mikono ilipomuuma. Mama mdogo akainuka kwenye gogo, akaongeza kopo moja la maji kwenye rejeta, akafungua bomba la kanisa. Baadaye akaniambia kwamba kengele ya pili ya ibada, kila Jumapili, ndiyo ilikuwa saa ya baba mdogo ya kuongeza maji. Hakuwahi kuwa na saa ya mkononi.

Saa nane jeneza lilipita mlangoni. Kwaya iliimba. Mjane alikuwa na oili kwenye viganja na hakuna aliyethubutu kumwambia anawe.

Mnataka kujua hao wawili walifanya nini? Walikaa benchi moja la nyuma, wakibishana kwa kunong'ona kama mwinjilisti alikuwa na mamlaka ya kupiga kengele bila azimio. Nilikaa mbele yao, nilisikia. Na tulipokuwa tunarudi, tumeshapita Mbande tumeingia barabara kuu, shemeji akaniambia, "Ila kimsingi hoja yangu haikujibiwa."

Nilikuwa nimeshafunga daftari.

Nilichojifunza ni hiki, na mnisahihishe. Sina shida na fundisho la huyu wala la yule. Inawezekana mmoja wao yuko sahihi, mbinguni watajua. Shida yangu ni kwamba fundisho, kwa watu wale, lilikuwa kazi nyepesi kuliko hendeli. Kujua kama Mathayo ameokoka kulihitaji mdomo. Kumpokea zamu Jumapili moja kwa mwezi, ili naye akasikie mahubiri kwa masikio yake, kulihitaji mikono, na kwa miaka kumi na moja hakutokea mtu. Si wa imani, si wa matendo.

Na kabla hamjanipigia makofi, mimi pia nilikuwa naenda kule likizo. Nilikunywa yale maji. Nilikuwa napita pale pampu Jumapili nikiwa na tai, nampungia mkono, nakwenda ibadani. Hendeli mpaka leo sijui kuipiga.

Mnisamehe uzi umekuwa mrefu, ila kuna kipande cha mwisho.

Kijiji kilimpa mama mdogo ile kazi, kwa kuwa hakuna mwingine anayejua. Jumatano na Jumapili. Ameifanya tangu maziko yale. Mwezi uliopita mwinjilisti alinipigia simu, hakuwa na raha. Kamati imekaa. Mzee Lameck ameleta ajenda: mahudhurio ya mjane Foibe.

Mwinjilisti aliniambia ameomba ajenda iahirishwe. Akaniambia pia kwamba Jumapili, ibada ikiisha, huwa anashuka pampuni na kumsimulia mahubiri. Ndiye peke yake.

Karibuni mchangie. Mistari mnayo, najua. Ila kila atakayeweka mstari, aanze kwanza kutuambia maji aliyooga Jumapili iliyopita yalivutwa na nani.